Barazani Kwetu: Ukitaka Kusaidiwa, Sema Yote

Mwezi huu tuzungumze juu ya jambo ambalo kila mmoja wetu hulifanya, lakini wachache hulifanya vizuri. Jambo hilo ni kumwuliza mtaalamu swali.

Wazee walisema, asiyeuliza hanalo ajifunzalo. Ni kweli. Lakini kuuliza peke yake hakutoshi. Mtu aweza kuuliza, akajibiwa kwa heshima, akafuata jibu, na bado akapata hasara. Yalinipata mimi mwenyewe. Leo nitawasimulia, ingawa naona haya kidogo.

NYANYA ZANGU

Mwaka 2021, wakati wa kiangazi, nililima nyanya bondeni karibu na mto. Yalikuwa matuta 14. Miche ilishika vizuri. Kila asubuhi nilimwagilia pamoja na mjukuu wangu kabla hajaenda shule. Nyanya zilipoanza kutoa maua, nilianza kupiga hesabu moyoni. Nilihesabu matenga yatakayokwenda sokoni. Nilihesabu sare mpya ya mjukuu na bati za kuezekea jiko.

Siku moja niliona mabaka kwenye majani machache. Nilijua ni bakajani. Nilinunua dawa ya ukungu, nikapiga. Dawa iliishia kwenye tuta la 11. Matuta matatu ya mwisho, yale yaliyo karibu na mto, sikuyapiga. Nilisema nitayapiga siku nyingine.

Baada ya siku mbili nilikwenda shambani, nikashtuka. Nyanya zilikuwa zimejipinda. Vikonyo vya majani vilikuwa vimeinama na kujisokota. Siku zilizofuata, majani machanga yalitoka membamba na yenye mikunjo. Nilisema, "Haya sasa, rasta imeingia." Ninyi mnaolima nyanya mnaijua rasta. Ni ule ugonjwa wa kujikunja majani unaoletwa na inzi weupe.

Nilitoka shambani mbio. Njiani nilimkuta Bibi Shamba wetu juu ya pikipiki yake, anakwenda kijiji cha pili. Nilimpungia mkono, akasimama.

"Shikamoo Mzee," alisema.

"Marahaba, mwanangu. Nyanya zangu zimepata rasta. Nipe dawa."

"Pole sana, Mzee. Una hakika ni rasta?"

"Nimelima nyanya tangu hujazaliwa. Rasta naijua."

Alinyamaza kidogo. Kisha akasema, "Kama ni rasta, mmea uliokwisha ugua hauna dawa. Ng'oa miche yote iliyougua, uifukie. Halafu upambane na inzi weupe ili wasiambukize miche iliyobaki." Alinitajia dawa ya inzi weupe. Alisema atapita baada ya wiki moja. Nikamshukuru, akaondoka.

Nilifanya kama alivyosema. Niling'oa matuta 11. Nilinunua dawa ya inzi weupe kwa fedha niliyoiweka kwa ajili ya sare. Nikapiga yale matuta matatu yaliyobaki.

MASWALI YA BIBI SHAMBA

Baada ya wiki moja Bibi Shamba alifika, kama alivyoahidi. Alitazama lile shamba tupu. Akatazama yale matuta matatu. Nyanya zake zilikuwa nzima kabisa.

Akaniuliza, "Mzee, rasta yako imechagua matuta?"

Sikuwa na jibu. Akaendelea kuuliza, taratibu, swali moja moja.

"Miche ilianza kuugua mmoja mmoja, au yote kwa siku moja?"

"Yote kwa siku moja."

"Kabla ya hapo ulifanya nini shambani?"

"Nilipiga dawa ya ukungu."

"Ulipiga matuta yote?"

"Dawa iliishia tuta la 11."

Akatikisa kichwa. "Bomba ulilopigia ni lako?"

Hapo nilitazama chini. Bomba langu lilikuwa limeharibika tangu masika, na sikuwa na fedha ya kununua jingine. Niliazima bomba la jirani. Sikupenda mtu ajue. Mkulima wa miaka mingi kama mimi, na bomba la kuazima!

Twende basi tukamwone jirani, Bibi Shamba alisema. Tukaenda. Jirani akatuambia bila kuficha kwamba wiki ile alikuwa amepiga dawa ya kuua magugu kwenye mpunga wake. Alilisuuza bomba kwa maji mara moja, akanipa. Alitoa chupa uvunguni, Bibi Shamba akasoma. Ilikuwa imeandikwa 2,4-D.

Ndugu wasomaji, dawa hiyo huua magugu yenye majani mapana. Mpunga una majani membamba, kwa hiyo hauumii kama dawa ikitumiwa kwa kipimo chake. Lakini nyanya ina majani mapana. Masalio kidogo tu ndani ya bomba yanatosha kuipinda. Kusuuza mara moja kwa maji hakuiondoi dawa hiyo. Ndiyo maana wataalamu hutushauri kwamba bomba la kuua magugu liwe la kazi hiyo tu.

Kumbe shambani mwangu hamkuwa na rasta. Rasta huanza na mche mmoja hapa na mwingine pale, kisha huenea. Majani huwa madogo, hujikunja kwenda juu kama kikombe, na kingo zake huwa za njano. Nyanya zangu ziliumia zote kwa pamoja, tena zile tu zilizopigwa na lile bomba. Shamba lenyewe lilikuwa linatoa habari. Mimi sikuisikiliza, na sikuipeleka kwa mtu ambaye angeielewa.

Je, kosa lilikuwa la Bibi Shamba? Hapana. Nilimwuliza juu ya rasta, naye akanijibu juu ya rasta. Jibu lake lilikuwa sahihi kwa rasta. Mimi ndiye niliyempelekea ugonjwa ambao haukuwapo, nikamficha jambo lililokuwapo.

MTAALAMU SI MPIGA RAMLI

Wengi wetu humwendea mtaalamu kama tunavyomwendea mpiga ramli. Tunaketi kimya tukingoja aseme mwenyewe kilichotuleta. Akikosea, tunamcheka. Lakini mtaalamu hana kibuyu. Elimu yake hufanya kazi kwa kile anachokiona na kile anachoambiwa.

Tena mtaalamu ni mmoja na sisi ni wengi. Kata yetu ina vijiji vinne na Bibi Shamba mmoja. Ukimpotezea nusu saa kwa swali lisilo na kichwa wala miguu, nusu saa hiyo umemnyima mkulima mwingine. Kwa hiyo kuuliza vizuri ni adabu. Ni kumheshimu anayejibu, na kuwaheshimu wenzako wanaongoja zamu yao.

Basi tangu siku ile nimejiwekea taratibu. Nawapa na ninyi.

KWANZA, TAZAMA MWENYEWE

Kabla ya kwenda kuuliza, ingia shambani utazame vizuri. Usitazame kutoka njiani.

Chukua mfano wa mahindi. Mkulima husema, "Mahindi yangu yamekuwa ya njano. Nifanye nini?" Swali hili halijibiki. Njano ya mahindi ina sababu nyingi.

Njano ikianzia kwenye ncha ya majani ya chini na kuingia katikati ya jani, mfano wa herufi V, mara nyingi mahindi yana njaa ya naitrojeni. Yanataka mbolea ya kukuzia au samadi. Njano ikishika kingo za majani ya chini, huenda udongo una upungufu wa potasiamu. Kama majani yana mistari myembamba ya njano inayofuata urefu wa jani, huenda ni ugonjwa wa milia. Huo huenezwa na wadudu wadogo, na mbolea haiuponyi. Pengine maji yamesimama shambani na mizizi haipati hewa. Pengine ni kiduha, lile gugu lenye maua ya zambarau, ambalo hunyonya mizizi ya mahindi hata kabla halijatokeza juu ya udongo.

Hizo ni sababu tano, na kila moja ina njia yake. Mkulima anayesema "njano" tu anaweza kushauriwa kununua mbolea wakati anahitaji kuchimba mfereji wa kutolea maji. Lakini akisema, "Njano imeanza na majani ya chini, inaingia katikati, na shamba halituamishi maji," mtaalamu amekwisha pata njia.

Pili, hesabu. Usiseme "mahindi yote yameliwa" kama si yote. Pita shambani kwa mstari unaokwenda kama herufi W. Simama mahali patano. Kila mahali tazama mimea 10. Jumla umetazama mimea 50. Hesabu ni mingapi iliyoshambuliwa. Ukisema, "Kati ya mimea 50, mimea 12 imeliwa," hilo ni neno la kusaidia. Mtaalamu atajua kama ni lazima kupiga dawa au bado.

SEMA ULICHOONA, SI UNACHODHANI

Hapa ndipo nilipojikwaa mimi. Sikusema, "Majani yamejisokota." Nilisema, "Ni rasta." Ukilitaja jina la ugonjwa kabla ya dalili, umemfungia mtaalamu mlango.

Majina hutuchanganya. Chukua neno viwavijeshi. Tangu zamani tunawajua viwavijeshi wanaokuja kwa makundi makubwa, wakila nyasi na nafaka, kisha wakahamia shamba jingine. Lakini kuna mdudu mwingine aliyetoka bara la Amerika. Aligunduliwa Afrika mwaka 2016, na hapa Tanzania mwaka 2017. Huyu anaitwa kiwavijeshi vamizi. Tena kuna bungua, anayetoboa bua la mhindi. Mkulima akisema "funza wanakula mahindi," anaweza kuwa na yeyote kati ya hao.

Basi usitaje jina. Mshike mdudu, umtazame. Kama kichwani ana alama ya herufi Y iliyogeuzwa chini juu, na karibu na mkia ana madoa manne meusi yaliyokaa kama pembe nne za meza, huyo ni kiwavijeshi vamizi. Tazama pia ndani ya kikonyo cha katikati cha mhindi. Yeye huacha kinyesi kinachofanana na unga wa mbao. Akiwa mkubwa hujificha chini ya uchafu huo na dawa haimfikii vizuri. Ndiyo sababu mtaalamu atataka kujua ukubwa wa funza hao. Sema kama ni wadogo kama uzi, au wakubwa kama kidole cha mtoto.

Mwaweza kuona faida ya kujua kusoma. Herufi V, W na Y tulizojifunza darasani zinatusaidia shambani.

Hatukatazwi kusema tunavyodhani. Dhana ya mkulima mzoefu ina thamani. Lakini iseme mwishoni, tena iseme kama dhana: "Mimi nadhani ni rasta, ila sina hakika."

SEMA ULICHOFANYA, HATA KAMA NI KOSA

Mficha uchi hazai. Mimi nilificha bomba la kuazima, nikavuna hasara.

Watu huficha mambo mengi. Mmoja alipanda mbegu aliyoihifadhi kutoka msimu uliopita, lakini husema amenunua dukani. Mwingine alichanganya dawa mbili kwenye bomba moja. Mwingine alizidisha kipimo akidhani dawa nyingi ina nguvu zaidi. Mwingine alipiga dawa juma lililopita, naye anauliza kana kwamba hajapiga kitu. Mtaalamu atamwambia apige ile ile, na fedha itapotea mara mbili.

Kwa dawa jambo hili ni la hatari zaidi. Kama umepiga dawa ukasikia kizunguzungu, au mtoto amegusa chupa na kutapika, usimfiche mganga wa zahanati. Nenda upesi, ukachukue kibandiko au chupa yenyewe iliyofungwa vizuri ndani ya mfuko, uionyeshe. Bila jina la dawa mganga hupoteza muda mwingi.

Kama hujui kutamka jina la dawa, usijali. Chukua kalamu unakili jina hilo kutoka kwenye chupa, herufi kwa herufi, pamoja na tarakimu zake. Hata kama ni la kigeni. Usiseme, "Ile ya chupa ya kijani." Chupa za kijani ni nyingi, na baadhi yake ni za kuua magugu.

Na ninyi mnaoulizwa, msimcheke mtu anayekiri kosa. Bibi Shamba hakunicheka. Angenicheka, nisingemwambia kweli tena.

ANDIKA DAFTARINI

Sasa nina daftari moja la shamba. Si kubwa, ni la kurasa 48 tu. Ndani yake naandika tarehe ya kupanda, mbegu niliyopanda, mbolea niliyotia na siku niliyotia. Naandika siku za mvua kubwa. Naandika dawa niliyopiga, kipimo chake, na bomba nililotumia. Nikiona jambo geni, naandika siku nililoliona.

Ukiwa na daftari kama hilo, huna haja ya kukuna kichwa mbele ya mtaalamu. Akikuuliza, "Ulipanda lini?" hutasema, "Siku zile za msiba wa mzee fulani." Utafungua ukurasa.

Usiku kabla ya kwenda kuuliza, andika pia swali lenyewe. Lisome kwa sauti. Kama wewe mwenyewe hulielewi, na mtaalamu hatalielewa.

PELEKA KITU CHA KUONYESHA

Kama mtaalamu hawezi kufika, mpelekee mmea. Usichume jani moja tu. Ng'oa mmea mzima pamoja na mizizi, kwa sababu huenda ugonjwa uko mizizini. Chukua ulioanza kuugua. Ule uliokwisha kauka hausemi kitu. Chukua na mmea mmoja mzima wa kulinganisha. Ufunge kwenye gazeti, si kwenye mfuko wa nailoni, maana kwenye nailoni utaoza njiani.

Muhogo unatufundisha jambo hili. Kuna ugonjwa wa michirizi ya kahawia. Wataalamu wa kituo cha utafiti cha Amani, katika milima ya Usambara mkoani Tanga, waliueleza mwaka 1936. Wakati mwingine majani ya muhogo huo huonekana kama hayana shida kubwa. Lakini ukikata muhogo wenyewe utaona ndani mabaka makavu ya kahawia, na hauliki. Mtu anayepeleka jani peke yake amepeleka nusu ya swali. Fukua, kata, tazama, kisha ukaulize.

Mifugo ni tofauti. Kuku wakianza kufa kwa haraka, usibebe mizoga kupita nayo kijiji kizima. Kama ni mdondo, utaueneza. Fukia mizoga, kisha nenda wewe na habari: wamekufa wangapi, kwa siku ngapi, wana dalili gani, na mara ya mwisho walichanjwa lini. Mdondo hauna tiba, una kinga ya chanjo tu. Kwa hiyo swali lako likiwahi, litaokoa kuku wa majirani.

UKIULIZA KWA SIMU

Siku hizi wengi tunauliza kwa simu, na wakulima wengine wana makundi yao ya kuandikiana humo. Ni jambo jema, kwani mtaalamu aliye mbali anaweza kuliona jani lako. Lakini adabu ni ile ile ya barazani. Usipige simu usiku wa manane kwa ajili ya nyanya. Salimu, jitambulishe, taja kijiji chako, kisha sema swali.

Kama unatuma picha, tuma tatu. Ya kwanza ionyeshe shamba, ili ijulikane ugonjwa umeshika wapi. Ya pili ionyeshe mmea mmoja mzima. Ya tatu ionyeshe jani au mdudu kwa karibu. Weka kiberiti kando yake ili ukubwa ujulikane. Na usitume picha bila maneno. Picha haisemi ulipanda lini wala ulipiga dawa gani.

Katika kundi, tazama kwanza kama swali lako lilikwisha kujibiwa. Usilirudie mara tatu kwa siku kama mtoto anayelilia uji. Wanaojibu nao wana mashamba yao. Usiulize hapa, ukaulize na pale, ukachagua jibu linalokupendeza kwa sababu ni rahisi. Kama umekwisha shauriwa na mwingine, sema.

Tena nawaomba mwe na hadhari. Anayekutajia dawa na kipimo kabla hajakuuliza hata neno moja juu ya shamba lako, usimfuate upesi. Huenda anauza dawa hiyo. Mtaalamu wa kweli huuliza kwanza. Akikuuliza maswali mengi, usikasirike ukasema anakuchosha. Hapo ndipo ameanza kukusaidia.

UKISHA KUJIBIWA

Rudia jibu mbele yake kwa maneno yako: "Yaani umesema nipige jioni, si mchana, na kipimo ni kizibo kimoja?" Kama umekosea, atakusahihisha papo hapo. Kama hukuelewa, sema hukuelewa. Ni vibaya kuitika "ndiyo, ndiyo," kisha ukaenda kubahatisha nyumbani.

Akisema, "Sijui, nitauliza wenzangu," usimdharau. Mheshimu. Anayekubali kwamba hajui hatakupoteza.

Na jambo la mwisho, ambalo karibu sote hulisahau. Rudi ukamwambie matokeo. Kama shauri limefaa, sema. Kama halikufaa, sema pia, bila matusi. Tukisaidiwa huwa tunanyamaza, na tukikwama ndipo tunapomkumbuka. Lakini habari unayomrudishia leo ndiyo atakayomsaidia nayo mkulima mwingine kesho.

NYANYA ZA MWAKA ULIOFUATA

Yale matuta matatu yalinipa nyanya za kula na kidogo za kuuza. Sare ya mjukuu ilichelewa hadi muhula wa pili. Hakuninung'unikia, lakini kila nilipomwona na shati la zamani nilikumbuka lile bomba.

Mwaka 2022 nililima tena. Mwezi wa saba niliona majani ya miche michache yamejikunja. Sikukimbia njiani. Nilihesabu: mimea 4 kati ya 50. Nilinakili dawa nilizopiga. Niling'oa mmoja pamoja na mizizi, nikaufunga kwenye gazeti hili hili la mwezi uliopita, nikamfuata Bibi Shamba ofisini kwake.

"Shikamoo Mzee. Leo kuna nini?"

"Marahaba. Nimekuja kuuliza. Majani yamejikunja kwenda juu, kingo zake ni za njano. Ni mimea 4 kati ya 50, tena imetawanyika. Bomba ni langu. Mimi nadhani ni rasta, ila sina hakika."

Aliufungua mmea, akaugeuza chini na juu. Kisha akacheka kwa furaha. "Mzee, safari hii ni rasta kweli."

Niling'oa ile minne tu na mingine michache iliyofuata. Zilizobaki nilivuna.

Ndugu wasomaji, kuuliza si ujinga, na mtu mzima kumwuliza kijana si aibu. Haya basi, tuonane mwezi ujao, tukijaliwa.

MASWALI YA KUZUNGUMZA DARASANI AU NYUMBANI

1. Kwa nini matuta matatu ya karibu na mto hayakuumia?

2. Mzee alificha jambo gani, na kwa nini alilificha?

3. Mkulima anasema, "Mbuzi wangu anaumwa, nipe dawa." Taja mambo matano ambayo angepaswa kuyasema.

4. Andika swali moja ambalo ungependa kumwuliza mtaalamu wa kata yako. Msomee jirani yako. Je, amelielewa?